Chuchu Kumi na Mbili za Kushoto

Nilipofika kwenye banda lile mara ya kwanza, kaka mtu alikuwa akimpiga mdogo wake kwa kigoda cha kukamulia. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Nilihesabu mapigo manne: mawili begani, moja mgongoni, la nne sikioni. Mdogo hakurudisha hata moja. Alikuwa ameshika ndoo ya maziwa kwa mikono miwili, na kadiri nilivyoweza kuona, alichokuwa akijitahidi ni isimwagike.

"Karibu, daktari," kaka mtu akasema alipochoka. Akaweka kigoda chini na kukikalia.

"Mimi si daktari wa mifugo. Ni mpimaji wa maabara ya maziwa."

"Basi pima. Utauona uchafu wa huyu bubu."

Kaka mtu aliitwa Nyundo tangu shuleni kwa sababu ya ngumi zake. Mdogo aliitwa Kimya, na sababu sikuhitaji kuelezwa. Banda lilikuwa la matofali na bati, sakafu ya saruji, na ng'ombe sita walifungwa mstari mmoja mbele ya hori refu la saruji. Kulia kwa kila ng'ombe palikuwa na nafasi ya kigoda, na kushoto kwake vilevile. Mpangilio huo sikuwahi kuuona popote.

Aliyenieleza ni baba yao mdogo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Marehemu kaka yake alikataza ng'ombe wasigawanywe. Alijua kwamba wakigawanywa watatu kwa watatu, watauzwa kabla kaburi lake halijakauka. Kwa hiyo aligawa viwele. Kila ng'ombe ana chuchu nne: mbili za kulia ni za mkubwa, mbili za kushoto ni za mdogo. Ndugu wale walikaa pande mbili za ng'ombe mmoja kila asubuhi na kila jioni, kila mmoja na ndoo yake, vichwa vimeegemea tumbo lile lile, na walikuwa na miaka miwili hawajasalimiana.

"Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," mzee akasema. "Mwanangu, nimelima mpaka shamba limekwisha. Bado wanagombana."

Marehemu aliacha neno moja zaidi. Atakayeingiza ugonjwa bandani, kwa uzembe au kwa makusudi, ataondoka na nguo zake tu, na upande wake utakuwa wa mwenzake. Sasa ilikuwa wiki ya tatu maziwa ya Kimya yanakataliwa kituoni kwa sababu ya mabonge. Ya Nyundo yalipokelewa. Nyundo alitaka mdogo wake aondoke siku ile ile. Mzee alisema isubiriwe karatasi ya maabara. Kimya hakuwa na shamba wala kazi nyingine. Alilala kwenye chumba kilichoshikana na ukuta wa banda. Karatasi yangu ndiyo ingeamua kama wiki inayofuata angelala humo.

Nilianza na kibao cha vikombe vinne. Unakamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye kikombe chake, unatia dawa ya zambarau kiasi kile kile, kisha unazungusha kibao taratibu. Maziwa mazima hubaki majimaji. Maziwa ya kiwele kilichovimba kwa ndani huganda yakawa kama ute wa yai. Kwa ng'ombe watano, vikombe vya kulia vilibaki majimaji na vya kushoto vikaganda, kimoja au vyote viwili. Ng'ombe wa sita alikuwa mzima pande zote.

"Umeona?" Nyundo akasema. "Hata kibao kinamjua."

Kibao hakijui mtu. Kinaonyesha kwamba kuna uvimbe, hakionyeshi umeletwa na bakteria gani. Kwa hiyo nilisafisha kila chuchu kwa pamba na spiriti, nikamwaga mikamuo mitatu ya kwanza, nikakinga wa nne kwenye kichupa kilichochemshwa, nikikishika kimeinama ili vumbi lisiingie. Vichupa ishirini na vinne. Nikaviweka kwenye sanduku la barafu.

Kisha nikaomba mikono yao. Bakteria wa aina niliyoidhania huishi kwenye ngozi ya mkamuaji, kwenye vidonda vyake na puani mwake. Kimya alinawa kwa sabuni kama nilivyomwelekeza, maana nilitaka wanaoishi mkononi, si waliopita tu, akaninyooshea mikono yote miwili. Nilipitisha kijiti cha pamba viganjani na kati ya vidole, kingine puani. Sikio lake lilikuwa likivuja damu. Hakulipangusa.

Nyundo alikataa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya glavu ya mpira.

"Nimeungua na maji ya moto," akasema. "Na upande wangu ni mzima. Mzima hapimwi."

Nikaandika: *Mkamuaji wa kulia amekataa. Anakamua na glavu. Ana chupa ya ayodini ya kuchovyea chuchu, upande wa kulia tu.* Nikamuuliza Kimya kwa nini yeye hana ayodini.

"Yeye huifungia, dada," akasema. Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema siku ile.

Maabara yetu ni vyumba viwili nyuma ya kituo cha kupokelea maziwa. Nilipanda sampuli zote kwenye sahani zenye agar ya damu, chakula cha kuoteshea bakteria, nikaziweka kwenye kabati la joto la nyuzi thelathini na saba. Kesho yake asubuhi, sahani tisa kati ya kumi na mbili za kushoto zilikuwa na madoa ya mviringo yenye rangi ya dhahabu, kila doa limezungukwa na duara angavu ambapo damu imeliwa. Sahani kumi na mbili za kulia hazikuota kitu. Nilidondoshea haidrojeni peroksaidi, ikatoa mapovu. Nilichanganya na plazima ya sungura. Baada ya saa nne ikaganda. Ni stafilokokasi ya dhahabu, bakteria yule yule niliyemdhania. Mwisho nilipanda tena pamoja na vidonge vidogo vya dawa, nione ipi inamuua. Penisilini haikumgusa. Tetrasaiklini haikumgusa. Nyingine nne zilimuua.

Sahani za Kimya, za mikono na za pua, ziliota bakteria wa kawaida wa ngozi tu.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, Nyundo aliingia maabara bila kubisha. Mwenzangu alikuwa kituoni akipokea maziwa. Nilikuwa peke yangu.

"Matokeo?"

Nikamwambia. Tisa kushoto, kulia hakuna.

"Tisa bila!" Akapiga paja. "Hata kwenye mpira hayo hayatokei! Haya, andika jina lake uniandikie na tarehe."

"Karatasi inasema bakteria wako wapi. Haisemi nani aliwaweka."

"Nani mwingine anashika kushoto? Panya?"

"Sijui. Mikono yake haina. Yako sijaipima."

Alikuwa hana glavu siku hiyo. Kidole gumba cha kulia kilifungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Aliona ninakitazama. Akazunguka meza kwa hatua mbili, akanishika ukosi wa koti langu jeupe kwa mkono huo huo, akanisukuma kwenye friji. Kichwa changu kiligonga mlango mara mbili. Kisha akanipiga kofi kwa mkono wa kushoto, nikaanguka, akanipiga teke la ubavuni. Akafagia meza kwa mkono. Sahani kumi na nne zilianguka na vichupa vikapasuka.

"Utaandika, Bibi Vichupa," akasema. "Usipoandika, nitarudi nikuandike mimi."

Mwenzangu alinikuta nimekaa sakafuni. Aliniinua, akanitazama kifuani.

"Amekuvisha nishani," akasema.

Kwenye ukosi palikuwa na doa la njano lenye ukubwa wa kucha. Ulikuwa usaha. Nilivua koti kwa kulishika kwa ndani, nikalilaza kwenye karatasi safi. Kwa mkasi uliopitishwa motoni nilikata kipande chenye doa. Kisha nikakata kipande kingine cha ukubwa ule ule kutoka ukosi wa upande wa pili, kwa sababu koti lile lilikuwa bandani siku mbili kabla, na doa peke yake lisingethibitisha chochote. Nilipanda vyote viwili. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda hospitali, na kutoka hospitali nikaenda polisi. Hospitali ilisema ubavu mmoja umepasuka. Polisi walinipa namba ya jalada.

Siku ya tano nilikuwa na jibu. Kipande kisicho na doa hakikuota kitu cha kutajwa. Kipande chenye doa kiliota madoa ya dhahabu yenye duara angavu, na penisilini haikumgusa, tetrasaiklini haikumgusa, nyingine nne zilimuua. Muundo huo wa kukinza dawa si alama ya kidole. Lakini kati ya sampuli mia tatu na kumi tulizopima mwaka ule, nilikuwa nimeukuta mara mbili tu, na zote mbili zilitoka mbali na pale.

Nilimpigia mzee simu. Akasema njoo upesi, ng'ombe mmoja ameanguka.

Alikuwa ng'ombe wa tatu kutoka mlangoni, mwenye baka jeupe usoni. Alilala ubavu sambamba na hori, shingo imenyooka, anapumua kwa mkoromo. Nusu ya kushoto ya kiwele chake ilikuwa ya buluu iliyokoza na baridi kama bomba la maji. Nilipoibonyeza ilichezacheza kwa hewa iliyokuwa chini ya ngozi, na ngozi ikabambuka ikabaki kidoleni mwangu. Nyama ilikuwa imekufa ilhali ng'ombe mwenyewe angali hai. Sumu yake ilishaingia kwenye damu. Nilimwambia mzee kwamba hatapona, achinjwe azikwe, asiliwe. Mzee akamtuma Kimya akachukue kisu.

Nyundo alikuwa amesimama kando ya hori, amevaa glavu yake. Aliniona nikiwa na bandeji kichwani wala hakubadilika uso.

Nikawasomea matokeo. Niliyasoma kama yalivyo: chuchu tisa, mikono ya mdogo, kipande cha koti, kipande cha kulinganisha. Nilisema pia kile ambacho matokeo hayasemi. Hayasemi bakteria walifikaje kushoto kutoka kwenye kidole cha mtu anayekaa kulia.

Mzee akavua miwani. "Nyundo, mwanangu. Walifikaje?"

Nilidhani atakana. Hakukana.

"Muulize huyu," akasema akininyooshea kidole. "Yeye ndiye aliyetufundisha."

Nikakumbuka. Miezi minne nyuma nilitoa somo kituoni kwa wafugaji arobaini. Nilichora kiwele ubaoni, nikasema ni nyumba ya vyumba vinne visivyo na milango ya kupitana. Chumba kimoja kinaweza kuugua, vingine vikabaki vizima. Nilisema pia kwamba baada ya kukamuliwa tundu la chuchu hubaki wazi karibu nusu saa, na ndiyo maana tunachovya ayodini. Nyundo alikaa mstari wa mbele. Hakuuliza swali. Aliandika.

"Bubu akipeleka maziwa kituoni, nabaki na ng'ombe," akasema. "Nusu saa inatosha. Navua glavu, naminya kidole, napaka kushoto. Chumba chake kiugue, changu kibaki. Mnashangaa nini? Hizi ng'ombe ni zangu, nimezichunga tangu huyu akinyonya. Baba alizeeka akanigawia nusu ya kiwele kama mtoto anayegawiwa andazi."

"Vyumba ni vinne," nikasema. "Damu ni moja. Hilo nalo nilisema."

"Hilo hukusema."

Nililifikiria. Inawezekana sikusema.

Mzee akarudisha miwani. "Neno la baba yako unalijua. Kakusanye nguo zako. Kulia na kushoto ni kwa mdogo wako."

"Upande wa kulia ni mzima!" Nyundo akapiga kelele. "Ni wangu na ni mzima, tazameni!"

Akapiga magoti nyuma ya ng'ombe aliyelala, akang'oa glavu kwa meno, akashika chuchu ya kulia ya mbele na kukamua. Hakikutoka kitu. Akavuta kwa nguvu mpaka ng'ombe akatoa mlio. Yakatoka maji mekundu yenye mapovu. Akajaribu ya nyuma. Maji mekundu. Akaokota kigoda akampiga ng'ombe kwenye kiwele, mara tatu, kwa mikono miwili, na pigo la tatu likavunja mguu wa kigoda. "Toa! Toa, mbwa wewe!" Kisha akakitupa kigoda, kikabiringika hadi kwenye mfereji wa mavi, naye akainama tena na kushika chuchu zote mbili.

Hapo ndipo Kimya alipoingia na kisu.

Alikuwa amekinoa nyuma ya ukuta wa banda, ambako kila neno letu lilisikika; makali yalikuwa bado na maji ya jiwe. Alimtazama ng'ombe, akamtazama kaka yake mgongoni. Alipita kando yangu, akaukamata mkono wa kulia wa Nyundo kwenye kifundo, akauvuta hadi kwenye ukingo wa hori, akakata. Pigo la kwanza lilifika mfupani. La pili likamaliza. Kidole gumba kikaangukia ndani ya hori, juu ya majani. Nyundo aligeuka akiwa bado hajaelewa, mdomo wazi, na Kimya akamchoma chini ya bega, akachomoa, akamchoma tena.

Mzee alimrukia Kimya kiunoni. Mimi nilivua mkanda wa koti langu jipya nikamfunga Nyundo mkono juu ya kiwiko, nikaukaza kwa mpini wa brashi. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye bati. Nyundo alikuwa akiuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, tena na tena: "Kiko wapi? Kiko wapi?" Kimya alimwachia mzee kisu bila kushindana. Kisha akaketi sakafuni, akakipakata kichwa cha ng'ombe.

"Baba mdogo," akasema, "mmalizie huyu. Anaumia."

Mzee akammalizia.

Nyundo hakufa. Kisu kilikosa pafu. Saa nane mchana nilikuwa kituo cha polisi, mbele ya mpelelezi mwenye kalamu mbili mfukoni. Kimya alikuwa kwenye benchi ukutani, pingu mikononi, shati limekauka damu.

Kabla sijaingia, mzee alinishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, wewe ni msomi, neno lako lina uzito. Sema kigoda kilikuwa mkononi mwake. Alikuwa nacho kweli, sivyo? Kitambo kidogo tu kabla."

"Kitambo kidogo kabla, ndiyo."

"Basi! Nani atapima hicho kitambo? Mtoto ameshinda, karatasi yako imempa haki yake, halafu neno lako limpeleke jela? Huyo mwingine amekupasua ubavu, mama! Unamwonea huruma?"

"Simwonei."

"Sasa?"

Niliingia.

Mpelelezi aliuliza, nikajibu, akaandika. Nilieleza mapigo manne ya siku ya kwanza. Nilieleza friji, kofi na teke. Nilieleza usaha na jinsi Nyundo alivyokiri mbele yangu na mzee. Kisha akaweka kalamu chini.

"Wakati mtuhumiwa anamshika mkono, majeruhi alikuwa na silaha?"

"Hapana."

"Kigoda kilikuwa wapi?"

"Kwenye mfereji. Kama hatua tatu kutoka kwake."

"Alikuwa amemwelekea mtuhumiwa?"

"Alikuwa amempa mgongo. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye chuchu za ng'ombe."

Nilisikia mzee akitoa pumzi nyuma ya mlango. Mpelelezi akaandika mstari huo polepole kuliko mingine. Halafu, kama utaratibu unavyotaka, akanisomea maelezo yote kwa sauti, nikatia saini kila ukurasa. Kurasa nne.

"Umesikia?" akamuuliza Kimya. "Una la kusema?"

Kimya aliinua kichwa. Sikio lililopigwa siku ile lilikuwa limefanya gamba.

"Ni kweli," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Mpelelezi akafunga jalada. Nilisimama, nikachukua mfuko wangu. Nilipofika usawa wa benchi, Kimya akaniita.

"Dada. Wamekamuliwa?"

"Nani?"

"Wale watano."

Nikafikiri. Tangu alfajiri hakuna aliyewashika. Mke wa Nyundo alikuwa hospitali, mzee alikuwa pale mlangoni, na vidole vyake vya uzee havikuweza tena kukamua.

"Bado."

"Viwele vitapasuka," akasema. "Nenda. Anza na yule wa mlangoni, ni mzima pande zote. Halafu za kulia za wote. Za kushoto ziwe mwisho, na ndoo yake peke yake, usiichanganye. Funguo ya ayodini iko kwenye mfuko wa suruali ya kaka. Hospitali watakupa."

"Sihitaji funguo," nikasema. "Nitavunja kufuli."

Askari akamwinua, wakampeleka ndani. Nilitoka nje. Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi na hakuinua uso nilipompita. Nilimwambia ninakwenda kukamua, nikamwomba ndoo mbili. Akasimama, akajipangusa suruali, akatembea mbele yangu kuelekea bandani.